Mwili Uliokatazwa Kulia

Ukiwauliza watu wa Naitiri kuhusu Phelista Nabwile, kitu cha kwanza wangekuambia ni mwendo wake. Phelista alitembea kama mtu aliyeitwa. Wenzake wakienda naye kuteka maji walilalamika njia nzima. "Wewe, kwani kuna nani huko mbele?" walimuuliza, naye aliwacheka bila kugeuka. Kabla jua halijapanda alikuwa amekamua ng'ombe, amepika chai, na amemwandaa binti yake Nekesa kwenda shule. Jumapili aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya.

Mume wake, Khisa, aliendesha trekta katika shamba moja karibu na Kitale. Alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mama yake Khisa aliishi boma hilohilo, nyumba ya ng'ambo ya uwanja. Watoto walimwita Kukhu, yaani nyanya. Phelista alimwita Mama, na waliheshimiana.

Basi huyo Phelista, msimu huu wa palizi, jua lilimkuta kitandani. Ng'ombe alilia nje, na Phelista alimsikia vizuri. Alijiambia, "Naamka sasa." Hakuamka. Mtu asiniambie ulikuwa uvivu. Mwili wake ulikuwa mzito kama gunia lililonyeshewa, na hata kuvaa viatu kulimtaka apumzike kwanza.

Nianze pale ilipoanzia, maana yeye mwenyewe hakumwambia mtu.

Baada ya Krismasi Phelista alijifungua kwenye zahanati. Mtoto alitoka akiwa hapumui. Alikuwa mvulana. Phelista alimwona mguu tu, mguu mmoja mdogo wenye vidole vyote, kisha mtoto akafunikwa kitambaa.

Katika boma lile, mtoto ambaye hakulia hana matanga. Wanawake wazee walimzika karibu na migomba kabla watu hawajaanza kupita njiani. Walisawazisha udongo hata usijue ni wapi. Hapakuwashwa moto uwanjani, hakuna aliyekuja kulala, na mtoto hakupewa jina. Kukhu aliketi kitandani kwa Phelista, akamshika mkono.

"Usilie, mama," alimwambia kwa upole kabisa. "Ukimlilia huyu utamfungia njia yule atakuja. Nyamaza tu. Utapata mwingine."

Phelista alinyamaza. Baada ya siku chache maziwa yalikuja. Yalikuja mengi, yakalowesha blauzi, na hapakuwa na mtu wa kuyanywa. Kukhu alimfunga kifua kwa leso na kuikaza. Phelista aliuma meno. Hakulia hata hapo. Majirani waliokutana naye walimsalimia habari ya mvua na habari ya mbolea. Ya mtoto, hakuna aliyeuliza. Walidhani wanamhurumia.

Ndipo mgongo ukaanza.

Uliuma kutoka kiunoni mpaka shingoni. Baada ya mgongo kikaja kichwa. Baada ya kichwa likaja joto kifuani, na miguu ikawa inawaka akilala. Aliamka kabla ya jogoo na usingizi haukurudi. Chakula kilikuwa kama majivu mdomoni. Alitia chumvi kwenye mboga, akasahau, akatia tena. Siku moja alisimama kwenye kwaya, wimbo ukaanza, na sauti haikutoka. Alikaa chini. Jumapili iliyofuata hakwenda.

Sokoni kulikuwa na duka la dawa la Walubengo. Phelista alikwenda hapo, kama sote tunavyokwenda.

"Mama Nekesa, unasikiaje?" Walubengo aliuliza.

"Mgongo. Inaniuma kutoka hapa mpaka hapa. Na kichwa."

"Homa?"

"Mwili iko na joto. Joto ya ndani."

"Hiyo ni taifodi," alisema Walubengo. Hakupima damu. Hata kipimajoto hakukigusa. "Nitakudunga sindano, utaenda ukikimbia."

Alimdunga, na kwa siku mbili Phelista alijisikia nafuu kidogo. Labda ni kwa sababu mtu alikuwa amemsikiliza. Kisha maumivu yakarudi. Walubengo alisema basi ni brusela, ule ugonjwa wa maziwa mabichi. Sindano nyingine. Baadaye alisema ni vidonda vya tumbo, akampa vidonge vyeupe. Mwishowe alimwambia aende Bungoma akapigwe picha ya mgongo. Phelista alikwenda mpaka Bungoma, akalala juu ya meza baridi, akapigwa picha. Mifupa yote ilikuwa sawa.

Walubengo hakuwa mtu mbaya. Alitibu kile alichoambiwa. Phelista alisema mgongo, naye akatibu mgongo. Hakuuliza zaidi, na Phelista hakusema zaidi. Dawa hizo za sindano hazichezewi, na mtu asiye na taifodi hana kazi nazo. Lakini Phelista angejuaje?

Maneno ya watu nayo yalianza. Mmoja alisema amerogwa. Mwingine alisema anaringa tangu mume apate kazi ya trekta. Hata Khisa alichoka. Mwisho wa mwezi aliingia akakuta moto umezimika na mahindi yamemezwa na magugu.

"Kila nikija uko kitandani," alisema. "Dawa unakunywa, sindano unadungwa. Sasa wewe ni mgonjwa ya nini, bana?"

"Mgongo," Phelista alisema.

"Hiyo mgongo haiishi?"

Phelista alivuta blanketi hadi kidevuni. Alikuwa anawaza jambo ambalo lilimtisha. Aliwaza kwamba Khisa angeoa mtu mwenye nguvu. Aliwaza kwamba Nekesa ni mdogo, angesahau haraka. Mwanzoni wazo hilo lilipita tu. Sasa lilikuwa linakaa naye asubuhi hadi jioni, na kila siku lilionekana kwake kuwa la busara zaidi. Kitu pekee kilichomzuia ni kwamba hata kufa kulihitaji nguvu, naye hakuwa nazo.

Khisa alimtazama mkewe akivaa. Nguo ilimpwaya mabegani. Hasira ikamtoka, ikabaki hofu.

"Kesho tunaenda Kitale," alisema. "Karibu na shamba kuna kituo cha afya. Huko wanapima damu kwanza."

Kwenye kituo kile walikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Phelista aliegemeza kichwa ukutani na kufumba macho. Hakutarajia kitu. Alichukuliwa damu, akatoa mkojo, akapimwa presha. Halafu wakaitwa ndani kwa daktari, mwanamke wa makamo aliyeitwa Jerop. Alikuwa mtu wa huko Mlima Elgon, mwenye sauti ya chini, na hakuwa na haraka.

"Majibu yako haya hapa," alisema Jerop. "Malaria hakuna. Damu inatosha. Sukari iko sawa, presha iko sawa. Dalili ya taifodi sioni."

Phelista aliinama. Machozi yalikaribia, akayazuia kwa mazoea. Alikuwa ameogopa jambo hili kuliko ugonjwa wowote.

"Basi mtasema nadanganya," alisema. "Lakini mgongo inauma, daktari. Inauma kweli."

"Najua inauma. Sijasema haiumi. Bado tunatafuta." Jerop alichukua kadi ya Phelista. "Nimalizie maswali. Una watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Na mimba umebeba ngapi?"

Hilo ni swali la kawaida. Kila mwanamke huulizwa. Lakini tangu Krismasi ipite, hakuna aliyekuwa amemuuliza Phelista hivyo. Alitazama mikono yake kwa muda mrefu.

"Mbili," alisema.

Jerop aliweka kalamu chini. "Huyo mwingine ilikuwaje?"

Khisa alikohoa. "Daktari, hiyo mambo iliisha. Kwetu hatuongei juu yake."

"Nimekusikia, baba. Ngoja nimsikie na yeye."

"Alikuwa kijana," Phelista alisema. "Niliona mguu."  Kisha akaanza kulia, kwanza polepole, halafu kwa mwili mzima, kwenye kiti cha hospitali, mbele ya mtu asiyemjua. Khisa hakujua aweke mikono yake wapi. Jerop alivuta kiti karibu akangoja.

Alipotulia kidogo, Jerop aliuliza tena. "Hizi wiki mbili zimepita, umekuwa na huzuni, ama moyo kukosa tumaini?"

"Ndiyo. Karibu kila siku."

"Vitu vyenye ulikuwa unapenda, bado unavipenda?"

"Nilikuwa naimba. Sasa sitaki hata kusikia."

"Kuna wakati unafikiria afadhali ufe?"

Khisa alishtuka. "Daktari, ukimuuliza hivyo si utamwekea hiyo mawazo kwa kichwa?"

"Hapana. Kuuliza hakuleti mawazo. Kama iko, inampa nafasi aiseme." Akamgeukia Phelista. "Niambie tu. Hapa hakuna atakayekukemea."

"Kila siku," Phelista alisema.

 Khisa alikuwa amemwita mtu huyu mvivu, si kwa mdomo, lakini kwa moyo alimwita. Aliona aibu, akaona na woga. Alishika ukingo wa meza ya daktari akauliza, "Ni ugonjwa gani?"

"Unaitwa sonona," alisema Jerop. "Redioni utasikia wakisema dipresheni. Ni ugonjwa kama mwingine. Unampata mwanamke na mwanamume, mwenye imani na asiye na imani. Wengi wanafikiri ni huzuni tu ya moyo. Lakini huku kwetu mtu haji hapa akasema ana huzuni. Anakuja akisema mgongo, kichwa, kifua kinawaka, miguu inawaka, usingizi hakuna, chakula hakina ladha, nguvu hakuna. Na anasema ukweli. Ubongo ndio unapokea maumivu, ndio unaleta usingizi na njaa. Ukiugua, mwili wote unaumwa."

"Kwa hivyo si mgongo?" Khisa aliuliza.

"Mgongo unauma. Ila sindano za taifodi haziwezi kuutibu. Ndiyo maana tulipima damu kwanza, tuone kama kuna kitu kingine. Sasa nimeona." Akamwambia Phelista, "Si wewe umesababisha. Hukumuua mtoto wako, na hukuwa mvivu."

Phelista alitikisa kichwa. Aliyasikia maneno hayo, lakini hakuweza kuyaamini. Yalikuwa maneno mazuri ya mtu mwingine.

Jerop alimpa vidonge. Alimweleza kwamba si vya wazimu, wala si vya kulevya. "Wiki za kwanza hutaona nafuu. Tumbo linaweza kusumbua. Usiviache. Vinataka wiki kadhaa ndipo vianze kufanya kazi, na hata ukipata nafuu utaendelea mpaka nikuambie. Na kila wiki utaongea na mshauri wetu. Kuongea pia ni dawa." Kisha akamgeukia Khisa. "Dawa za shambani mnaweka wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Zitoke nyumbani leo. Asiachwe peke yake kwa sasa. Na mkubaliane neno moja. Siku akilisema, unaacha trekta unakuja, ama unamleta hapa."

Waliamua neno liwe "leo ni mbaya." Walirudi Naitiri, Khisa akazitoa dawa za shambani, kisha akarudi kazini, akimwachia Kukhu amwangalie Phelista.

Ningependa kukuambia kwamba hapo mambo yalikuwa mazuri. Hayakuwa. Kukhu aliona vidonge, akaviangalia kwenye kiganja. "Dawa ya kichwa? Mkaza mwanangu si mwendawazimu. Mtoto akifa watu hunyamaza. Sisi sote tulinyamaza." Vidonge vilimchafua Phelista tumbo. Alivimeza siku chache, mgongo ukaendelea kuuma, na wazo lile likaendelea kukaa naye. Akaviacha. Hakumwambia mtu. Kwa mshauri pia hakwenda, maana Kitale ni mbali kwa mtu asiyeweza kuvaa viatu.

Ikafika siku ambayo Kukhu alikuwa ameanika maharagwe uwanjani, akaenda kanisani, akimwacha Phelista ayaangalie. Mvua ilinyesha. Phelista alikaa mlangoni akaitazama ikiyalowesha, ikayasomba mpaka kwenye ua. Hakuinuka. Alijua anapaswa kuinuka. Aliona wazi kabisa kwamba hafai kitu, kwamba mtu asiyeweza kuokoa maharagwe hana haja ya kuishi. Wazo lile lilikuwa limeacha kuwa wazo. Lilikuwa uamuzi.

Simu ilikuwa mfukoni. Hakuipiga kwa sababu alitaka kupona. Alimpigia Khisa kwa sababu waliahidiana, na Phelista hakuwa mtu wa kuvunja ahadi.

"Leo ni mbaya," alisema.

"Kaa hapo hapo," alisema Khisa. "Usikate simu. Niongeleshe." Alimpigia jirani yao Nyambu kwa simu ya mwenzake wa kazi, na Nyambu akaja mbio akakaa na Phelista, bila kumuuliza lolote, hadi Khisa alipofika. Khisa alikuwa ameacha trekta katikati ya shamba. Alimchukua mkewe vilevile alivyokuwa, wakarudi kwa Jerop.

Jerop hakuwagombeza. "Wengi huacha mara ya kwanza," alisema. "Kosa ni letu sote kama hatukuzungumza vizuri. Tuanze tena. Meza baada ya kula. Na safari hii Phelista atakaa hapa Kitale na Khisa, karibu na mimi, mpaka atulie."

Alikaa, na Nekesa akabaki na Kukhu. Chumba cha Khisa kilikuwa kidogo, ukuta wa mabati, na ulitetemeka trekta zikipita. Kila jioni Khisa alimpa kidonge na maji akangoja ameze. Kila wiki alimsindikiza kwa mshauri, akakaa nje kwenye nyasi. Wiki zilipita bila mabadiliko. Khisa alianza kukata tamaa yeye mwenyewe, ila hakusema.

Halafu asubuhi moja Phelista aliuliza, "Kuna ugali ya jana?"

Khisa alimpa. Alikula yote, kavu, bila mboga. Khisa alitoka nje akasimama nyuma ya mabati, akajipangusa uso kwa mkono wa shati.

Nafuu ilikuja hivyo, kidogokidogo, na siku nyingine ilirudi nyuma. Usingizi ulirudi kwanza. Mgongo ulipungua, kisha ukamwachia siku nzima. Huzuni haikuisha. Mshauri alimwambia huzuni ya mtoto si ugonjwa, ni haki ya mama. "Lakini uitoe," alisema. "Ukiifungia, itatafuta pa kutokea kwa mwili." Phelista na Khisa walimpa mtoto jina, Wanyonyi, ambalo kwetu ni jina la mvulana wa msimu wa palizi, maana palizi ndiyo ilikuwa msimu walioweza kumtaja. Walilitaja wao wawili tu, kwa sauti ya chini, na kila wakilitaja lilikuwa zito.

Phelista aliporudi Naitiri, mahindi yalikuwa yamekomaa. Alikamua ng'ombe asubuhi, polepole. Vidonge bado alikuwa anameza. Siku moja alikuwa jikoni anapukuchua mahindi, na kilio kikamjia. Zamani angejifunika kwa leso. Safari hii alikiacha kitoke. Alilia kwa sauti, akiita jina la mtoto, na sauti yake ikasikika hadi njiani.

Kukhu alitoka nyumbani kwake. Phelista alimwona akivuka uwanja, akajiandaa kukemewa. Kukhu aliingia, akasimama, akamsikiliza. Kisha akajishusha chini taratibu, akakaa sakafuni kando ya mahindi.

"Unaita nani?" aliuliza.

"Wanyonyi. Mtoto wangu."

Kukhu alichukua gunzi, akaligeuzageuza mkononi.

"Wangu ambao hawakulia walikuwa watatu," alisema. "Wa kwanza alikuwa msichana. Sijawahi kumwambia mtu. Hata baba yake Khisa tulinyamaza naye mpaka akafa." Alinyoosha miguu yake mbele, akashika magoti. "Tangu wa pili, hii miguu inawaka. Usingizi mimi sijui ni nini. Nilijua ni uzee. Lakini ilianza nikiwa kama wewe."

Phelista alimsogelea. Walikaa hivyo, bega kwa bega, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

"Huyo daktari wa Kitale," alisema Kukhu baadaye, "anaangalia hata mtu mzee?"

"Anaangalia, Mama. Lakini atakuuliza mimba ulibeba ngapi."

Kukhu aliangalia mlango. 

"Aulize," alisema.